Platipasi si mnyama wa vipuri: mdomo wa bata, sumu mguuni, mayai, na maziwa yasiyo na chuchu

Mvuvi wa Ruaha (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Kwenye ule uzi wa wanyama wa ajabu, kila ilipofika zamu ya platipasi wachangiaji walirudia utani uleule: Muumba alipomaliza kazi alibakiwa na vipuri, akaona asivitupe, akaviunga. Mdomo wa bata, manyoya ya fisi-maji, sumu ya nyoka, mayai ya kuku. Utani mzuri, nami nilicheka. Ila wapo waliokwenda mbali zaidi wakasema ni mnyama "asiyekamilika", eti wenzake walisonga mbele yeye akabaki njiani. Hapo ndipo tunapoachana, na ndiyo sababu ya uzi huu. Platipasi amekamilika kabisa. Kazi aliyoumbiwa ndiyo hatuioni, kwa kuwa anaifanya usiku, chini ya maji, macho kayafumba.

Kwa asiyemjua: anaishi mashariki mwa Australia, kwenye mito, vijito na mabwawa ya maji baridi, kuanzia kaskazini mwa Queensland hadi kisiwa cha Tasmania. Picha zinadanganya, wengi hudhani ana ukubwa wa mbwa. Dume la kawaida lina urefu wa sentimita 50 hivi pamoja na mkia, na uzito wa kilo moja na ushee. Jike mara nyingi halifiki kilo moja. Wa Tasmania ndio wakubwa zaidi.

Ni mamalia kama sisi: ana manyoya na ananyonyesha. Lakini anataga. Mamalia wanaotaga waliobaki duniani ni spishi tano tu: platipasi mmoja, na ekidna wa aina nne, wale wenye miiba kama nungunungu, wa Australia na New Guinea.

Nianze na mdomo, maana ndio uliowachanganya watu tangu mwanzo.

Mwaka 1798 gavana wa New South Wales kule Australia, John Hunter, alituma Uingereza ngozi ya mnyama huyu. Ikafika kwa George Shaw, mtaalamu wa wanyama aliyekuwa akifanya kazi kwenye Makumbusho ya Uingereza. Shaw akaiandika rasmi mwaka 1799, lakini kwa mashaka makubwa, akikiri kwamba mtu hawezi kuacha kushuku kuna mjanja aliyeshonea mdomo wa bata kwenye kichwa cha mnyama. Si kwamba alikuwa mbishi. Enzi hizo mabaharia walirudi kutoka Mashariki na nguva bandia, nusu nyani nusu samaki, wakawauzia matajiri wa Ulaya. Mtu akishaumwa na nyoka, ukuti humshtua.

Sasa angalieni hapa. Shaw alikuwa na ngozi iliyokauka. Mdomo wa platipasi ukikauka unakuwa mgumu, mweusi, na unafanana kweli na wa bata. Wa mnyama hai haufanani hata kidogo: ni laini, unapindika, una unyevunyevu, umefunikwa na ngozi tupu kama mpira. Matundu ya pua yako juu karibu na ncha, na kinywa chenyewe kinafunguka kwa chini. Yaani sifa iliyompa umaarufu duniani imetokana na maiti yake.

Na ngozi hiyo laini ndiyo inayomlisha. Ndani yake kuna vihisio takribani 40,000 vinavyonasa umeme, na vingine kama 60,000 vinavyonasa mguso na mtikisiko wa maji. Akizamia, kuna mkunjo wa ngozi unaoziba macho na masikio kwa pamoja, na pua anaibana. Hapo haoni, hasikii, hanusi. Anaogelea akipeleka kichwa kulia na kushoto, kulia na kushoto, akipima umeme mdogo unaotoka kwenye misuli ya kamba wa mtoni anapopiga mkia, au ya buu lililojificha chini ya jiwe. Kila msuli wa kiumbe hai ukijikunja unatoa umeme kidogo sana. Yeye anausikia.

Hili lilithibitishwa mwaka 1986 tu. Watafiti wa Ujerumani na Australia waliweka betri ndogo majini, platipasi akaifuata. Betri iliyokwisha chaji hakuwa na habari nayo.

Naendelea, msiweke nukta.

---

Fundi Koroboi

Mkuu nimeweka kambi. Swali la haraka: huo umeme anautoa yeye au anaunasa tu? Maana huku Ziwa Victoria tuna domodomo, nao wanasema ana mambo ya umeme.

---

Mvuvi wa Ruaha

Swali zuri sana mkuu. Domodomo anafanya yote mawili: ana kiungo karibu na mkia kinachotoa umeme hafifu, halafu anahisi namna umeme huo unavyovurugwa na vitu vilivyo karibu. Platipasi hatoi chochote, anasikiliza tu. Ila wote wawili wamefika hapo kwa sababu ileile: wanatafuta riziki gizani, kwenye tope, mahali ambapo jicho halina kazi. Hawana undugu wa karibu hata kidogo.

Kuna jambo jingine watafiti wanalolidhani, nami naliona lina mantiki. Kamba akirusha mkia, umeme unafika kwenye mdomo wa platipasi papo hapo, lakini wimbi la maji linachelewa kidogo. Ubongo ukipima tofauti ya hapo katikati unapata umbali. Ni kama wewe unavyohesabu kati ya radi kumulika na kunguruma.

---

Binti Pangani

Na akishamkamata anamla humohumo chini ya maji?

---

Mvuvi wa Ruaha

Hapana dada. Anajaza kwenye vifuko vya mashavuni, anaibuka juu, anaelea pale akitafuna, kisha anazama tena. Kila mzamio ni kama nusu dakika hadi dakika moja, na usiku mzima anarudia hivyo kwa saa nyingi, kwa sababu anakula sana kulingana na mwili wake. Kutafuna kwenyewe si kwa meno. Mtoto wa platipasi huota vimeno, vinadondoka mapema, na maisha yake yote yaliyobaki anasaga kwa mabamba magumu yaliyoko kwenye taya, ya kitu kilekile kinachotengeneza kucha. Changarawe inayoingia pamoja na chakula inamsaidia kusaga.

Na hapo tufike kwenye lile lililonifanya nimfuatilie mnyama huyu zaidi ya yote: hana tumbo.

Namaanisha ule mfuko wenye asidi unaopokea chakula kabla ya utumbo. Kwake umio unaungana moja kwa moja na utumbo. Mwaka 2008 wanasayansi walipopekua vinasaba vyake walikuta vile vinavyotengeneza asidi ya tumboni na vimeng'enya vya kusaga protini ama vimepotea kabisa ama vimeharibika havifanyi kazi. Maana yake ni kwamba babu zake walikuwa na tumbo, wakaliacha. Si kwamba hajafikia kuwa nalo. Samaki kadhaa nao wameacha hivyohivyo. Kwa nini hasa, bado wanajadiliana, ila anayesema mnyama huyu "amebaki nyuma" inabidi anieleze hilo: kupoteza kiungo ambacho mababu walikuwa nacho ni kubaki nyuma kivipi?

---

Kijana wa Makorora

Mkuu unazunguka. Tunataka sumu 😂

---

Mvuvi wa Ruaha

Haya, sumu.

Wote mnakijua kikwaru cha jogoo. Dume la platipasi linacho kwenye kisigino cha kila mguu wa nyuma, urefu wa sentimita moja na nusu hivi, kina uwazi ndani kama sindano, na kimeunganishwa na tezi iliyoko pajani. Jike huzaliwa na vidogo, vinadondoka kabla hajatimiza mwaka. Tezi ya dume huvimba msimu wa kupandana, kuanzia kama Juni, ambao kule ni majira ya baridi. Kwa hiyo wataalamu wengi wanaamini silaha hii ni ya madume kupigana wao kwa wao kugombea majike, si ya kuwindia. Chakula chake ni mabuu na kamba, hakihitaji sumu.

Kwa binadamu haijawahi kurekodiwa kuua. Mbwa wamekufa. Lakini maumivu yake ni habari nyingine. Wavuvi wa Australia waliochomwa, mara nyingi baada ya kumnasua platipasi kwenye ndoano au wavu kwa nia njema kabisa, wameeleza maumivu yanayopanda mkono mzima, uvimbe, na hospitalini wakapigwa mofini, dawa kali ya maumivu, isiwasaidie kitu cha maana. Kilichowasaidia ni kuchomwa sindano ya ganzi kwenye neva za mkono wenyewe. Uchungu huweza kurudirudi kwa wiki kadhaa, hata miezi.

Kwenye sumu hiyo kuna protini zilizotokana na zile za kinga ya mwili, zinazopigana na bakteria. Baadhi ya nyoka nao wana sumu iliyotokana na familia hiyohiyo ya protini, ila kila mmoja alifika kwa njia yake. Hakumwazima nyoka.

Na kuna jipya la 2016, kutoka Adelaide, Australia. Homoni inayoitwa GLP-1 ndiyo inayohimiza mwili utoe insulini baada ya kula. Ya kwetu inavunjwavunjwa ndani ya dakika chache. Watafiti wakakuta platipasi anaitengeneza kwenye utumbo na pia kwenye sumu, na ya kwake inadumu zaidi. Wakaanza kuuliza kama inaweza kufundisha kitu kuhusu dawa za kisukari. Msinielewe vibaya, hakuna dawa ya platipasi sokoni, mtu asije akawauzia unga wa kikwaru Kariakoo. Ila dawa moja ya kisukari inayotumika tayari ilitokana na mate ya mjusi wa jangwani Marekani, kwa hiyo swali lao si la kijinga.

---

Mama Kijiti

Mwanangu, sisi wengine tumekuja kwa ajili ya mayai na maziwa. Mnyonyeshaji asiye na chuchu ananyonyesha vipi?

---

Mvuvi wa Ruaha

Shikamoo mama. Nakuja hapohapo.

Jike likikaribia kutaga linachimba shimo refu ukingoni mwa mto. Linakusanya majani mabichi, linayabana kwa mkia uliokunjwa chini ya tumbo, linayaburuta hadi ndani kutengeneza kiota. Mayai ni mawili kwa kawaida, wakati mwingine moja au matatu. Ni madogo, kipenyo chake hakifiki sentimita mbili, na ganda si gumu kama la kuku, ni laini la kingozi kama la mjusi. Yanakaa tumboni kwa mama kama wiki tatu hadi nne, kisha akishataga anajikunja kama pete na kuyabana kati ya mkia na tumbo kwa siku kumi hivi.

Kitoto kinatoka hakina manyoya, hakioni, kina ukubwa wa harage. Mama hana chuchu. Ana maeneo mawili ya ngozi tumboni ambako maziwa hutoka kama jasho na kulowesha manyoya, na watoto wanayalamba pale. Ndani ya shimo lenye udongo, maziwa yaliyoanikwa hivyo yangetakiwa yawe pilau ya bakteria. Yana protini yake maalumu inayoua bakteria, ambayo mamalia wasiotaga hawana; umbo lake lilichorwa na watafiti wa Australia mwaka 2018. Watoto wanakaa shimoni miezi mitatu au minne mpaka wanatoka wenyewe.

Kuhusu mayai kuna kisa ambacho mimi kinaniudhi kidogo. Wazungu walibishana karibu miaka mia moja kama mnyama huyu anataga au anazaa. Mwanasayansi mkubwa Richard Owen alishikilia kwamba yai linaanguliwa humohumo tumboni mwa mama. Wenyeji wa Australia walikuwa wameshasema anataga, hawakuaminiwa. Mwaka 1884 kijana wa Cambridge, William Caldwell, akapiga kambi Mto Burnett, Queensland, akasaidiwa na wenyeji haohao kuwasaka, wanyama wengi wakauawa. Akampata jike ambalo lilikuwa limeshataga yai moja na jingine likiwa njiani. Akatuma simu ya maandishi (telegramu) ya maneno manne iliyosomwa kwenye mkutano wa wanasayansi Montreal tarehe 2 Septemba. Siku ileile, Adelaide, Wilhelm Haacke alikuwa akiwaonyesha wenzake yai la ekidna. Sifa zikaenda kwa Caldwell na Haacke. Waliomwelekeza Caldwell mashimo yalipo hawakuandikwa majina.

---

Fundi Koroboi

Na zile kromosomu? Kuna mtu alisema ana jinsia kumi nikamwona mlevi.

---

Mvuvi wa Ruaha

Jinsia ni mbili tu mkuu, jike na dume. Kumi ni kromosomu zinazoamua jinsia. Sisi tuna mbili: XX mwanamke, XY mwanamume. Dume la platipasi lina X tano na Y tano, jike lina X kumi. Ilielezwa vizuri mwaka 2004. Wakati wa kutengeneza mbegu, zile kumi za dume zinashikana mikono kwenye mnyororo mmoja, X, Y, X, Y, halafu zinagawanyika: X zote upande huu, Y zote upande ule. Ikikosea hata moja, mbegu imeharibika. Na zinafanana kwa sehemu na kromosomu za jinsia za ndege kuliko zetu.

Kwenye vinasaba hivyohivyo kuna alama moja ninayoipenda. Kuku ana vinasaba vitatu vya kutengeneza protini ya kiini cha yai. Binadamu hana hata kimoja kinachofanya kazi. Platipasi amebakiwa na kimoja. Alikwishapata maziwa, hivyo yai halihitaji akiba kubwa tena, lakini hajaliacha kabisa. Ukoo wake na wetu uliachana zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita, na tangu hapo kila upande umeenda na mabadiliko yake. Umeme wa mdomoni si urithi wa zamani tuliokuwa nao sote, ni jambo lililozuka upande wake.

---

Kijana wa Makorora

Hujasema anawaka. Mtandaoni nimeona anang'aa kama taa ya disko.

---

Mvuvi wa Ruaha

Hang'ai mwenyewe. Ukimmulika kwa taa ya urujuanimno, manyoya yanarudisha rangi ya kijani na samawati. Ilichapishwa 2020 kutokana na ngozi zilizohifadhiwa makumbusho. Baada ya hapo watu wakaanza kuwamulika wanyama wengine na wengi nao wakatoa rangi, kwa hiyo kwangu hiyo ni ya picha zaidi kuliko ya maana. Kuna linalonishangaza kuliko hilo: ule usingizi wa ndoto, ambao macho hucheza chini ya kope, platipasi anaupata hadi saa nane kwa siku. Hakuna mnyama aliyepimwa anayemzidi.

---

Binti Pangani

Wapo wengi bado? Na kuna mahali nje ya Australia mtu anaweza kumwona? Nina ndugu Marekani.

---

Mvuvi wa Ruaha

Kwenye orodha ya kimataifa wamewekwa kundi la walio karibu na hatari tangu 2016. Zamani waliwindwa kwa ajili ya ngozi, kwa sababu manyoya yake ni mazito na hayapitishi maji; hilo limepigwa marufuku muda mrefu. Sasa kinachowamaliza ni ukame, mabwawa yanayokata mito, na mitego ya kunasia kamba wa mtoni, iliyofungwa pande zote. Platipasi anaingia kumfuata kamba, hapati tundu la kutokea, na yeye anapumua hewa kama sisi. Mtego mmoja unaweza kuzamisha kadhaa. Jimbo la Victoria lilipiga marufuku mitego hiyo mwaka 2019, la New South Wales likafuata.

Kumsafirisha ni balaa. Mwaka 1943, vita vimepamba moto, waziri mkuu wa Uingereza, Winston Churchill, aliomba aletewe platipasi. Wakamtengenezea platipasi mmoja tangi maalumu melini na kumpa jina Winston. Akafa siku chache kabla ya kufika. Watu wakaambiwa ni mishtuko ya mabomu ya kuwinda nyambizi za Wajerumani. Hivi karibuni kumbukumbu za safari zilipopitiwa upya, zilionyesha maji ya tangi yalipanda joto mno meli ilipovuka tropiki. Mwili wa platipasi unakaa kwenye nyuzi 32 tu, joto la namna hiyo haliwezi. Mwaka huohuo David Fleay, ndiye aliyemwandaa Winston kwa safari, alifanikiwa kuwazalisha kizuizini pale Healesville karibu na Melbourne. Healesville haikufanikiwa tena hadi mwaka 1998.

Ndugu yako akiwa California amebahatika: bustani ya San Diego ilipokea wawili mwaka 2019, dume na jike. Anayekwenda Australia aende Broken River, hifadhi ya Eungella kule Queensland, asubuhi na mapema au jua likizama. Asitafute mdomo. Atafute mapovu, kisha duara la mawimbi madogo, halafu mgongo bapa wa kahawia unaoelea kimya. Akishamaliza kutafuna anaukunja mgongo na kuzama, na hapo una dakika moja hivi ya kusogea karibu bila yeye kukuona.

---

Mama Kijiti

Na wewe usimshike miguu ya nyuma.

---

Mvuvi wa Ruaha

Hasa dume mama. Wanaofanya kazi nao huwashika kwa ncha ya mkia, kichwa chini, mbali na mwili. Kikwaru hakifiki huko.